Baraza la Nyumba Moja: Namna Sheria Zinavyotungwa katika Jimbo la Nebraska



Katika kutembelea matawi msimu uliopita tuliulizwa swali moja mwahala mwingi, nalo ni hili: sheria hutoka wapi? Mkulima huamka asubuhi akaambiwa ipo kanuni mpya juu ya zao lake, au juu ya ardhi yake, au juu ya kodi yake, naye hajui nani aliyeileta, nani aliyeijadili, wala wapi angeliweza kusema neno lake kabla haijapita.

Swali hili ni la haki, na limekuja kwa wakati wake. Mkutano Mkuu wa Chama chetu unaokuja utatakiwa kukata shauri juu ya jambo la namna hiyo hiyo. Je, kila badiliko la kanuni za Chama lisomwe kwanza katika matawi kabla ya Kamati Kuu kulipigia kura, au mambo yaendelee kama yalivyo sasa, Kamati ikae, iamue, kisha ndipo matawi yaarifiwe? Wako wanaosema kwamba kusoma katika matawi ni kuchelewesha kazi. Na wako wanaosema kwamba kanuni isiyosomwa na mwenye kufungwa nayo haiitwi kanuni, yaitwa amri.

Kabla ya siku hiyo tumeona bora tuwapeni khabari za watu wengine waliolifikiri jambo hili na kulifanyia kazi kwa miaka mingi. Tumechagua jimbo la Nebraska katika Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, ni jimbo la wakulima. Pili, katika majimbo 50 ya Marekani, ni hilo peke yake ambalo baraza lake la kutunga sheria lina nyumba moja tu. Na Baraza letu la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, nalo ni la nyumba moja.

JIMBO LENYEWE

Nebraska iko katikati ya Marekani, mbali na bahari zote. Iliingia katika muungano wa nchi hiyo tarehe 1 Machi 1867. Mji wake mkuu ni Lincoln, na mji mkubwa kupita yote ni Omaha. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakaazi wake walikuwa 1,961,504. Kazi kubwa za mashamba yao ni mahindi, soya na ng'ombe wa nyama. Mkulima wa huko hutazama mbingu kama sisi tunavyoitazama. Mvua ikikosa hasara ni yake, na bei ikianguka katika masoko ya mbali hasara ni yake pia.

Kila jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na baraza lake la kutunga sheria. Serikali ya Washington ina mambo yake, kama vile jeshi, sarafu na uhusiano na nchi za nje. Majimbo nayo hushughulikia skuli, polisi, barabara zao, kodi ya ardhi, na sehemu kubwa ya makosa na adhabu zake. Mwanachama wetu hatapata taabu kulifahamu jambo hili, maana hata sisi tunayo mambo ya Muungano na mambo yasiyo ya Muungano, na kila moja lina baraza lake.

NYUMBA MBILI ZILIVYOKUWA MOJA

Zamani Nebraska ilikuwa na nyumba mbili kama majimbo mengine. Nyumba ya Wawakilishi ilikuwa na watu 100, na Seneti ilikuwa na watu 33, jumla 133. Mtindo huo Wamarekani waliurithi kutoka kwa Waingereza, ambao walikuwa na nyumba moja ya mabwana wakubwa wa kurithi na nyumba nyingine ya watu wa kawaida.

Mtu aliyesimama kuupinga mtindo huo alikuwa George W. Norris, mwenyeji wa mji mdogo wa McCook, aliyeiwakilisha Nebraska katika Seneti ya Washington tangu mwaka 1913 hata mwaka 1943. Hoja yake ya kwanza ilikuwa nyepesi. Katika nchi isiyokuwa na mabwana wa kurithi, watu wote wakiwa daraja moja, kuna haja gani ya kazi ile ile kufanywa mara mbili na watu wa namna ile ile?

Hoja yake ya pili ndiyo iliyo nzito, na twawaomba wanachama waisome kwa makini. Katika baraza la nyumba mbili, mswada ukipita nyumba zote mbili kwa maneno yasiyolingana, huundwa kamati ndogo ya kupatanisha. Katika Nebraska kamati hiyo ilikuwa ya watu 6. Walikaa faragha, maneno yao hayakuandikwa, na kura zao hazikujulikana. Wakitoka na mswada wao, nyumba mbili zilikuwa na khiari mbili tu, kuukubali wote au kuukataa wote, bila ya kugusa hata neno moja. Basi watu 6 waliweza kutengeneza sheria ya jimbo zima, na mwananchi hakujua nani wa kumshukuru wala nani wa kumlaumu. Mjumbe akirudi kwao akiulizwa, jawabu lilikuwa tayari: mimi nilipiga kura vizuri, walioharibu ni wale wa nyumba ya pili. Na wale wa nyumba ya pili walisema vivyo hivyo. Norris aliona kwamba watu walikuwa wameambiwa nyumba ya pili ni mlinzi wa ile ya kwanza, kumbe mwahala mwingine ilikuwa ni pazia lake.

Mwaka 1934, naye ana umri wa miaka 73, Norris alizunguka jimbo kwa motokaa, kutoka mji hata mji, akiwaeleza watu jambo hili. Husimuliwa kwamba alimaliza seti mbili za mipira ya gari katika safari hizo. Zilikuwa zama za dhiki kubwa ya uchumi na ukame, na mkulima aliyekuwa akikaribia kunyang'anywa shamba lake kwa deni hakuwa na moyo wa kulipia mabaraza mawili. Kura ilipigwa tarehe 6 Novemba 1934. Waliokubali nyumba moja walikuwa 286,086, na waliokataa walikuwa 193,152.

Hesabu zilizofuata ni hizi. Mkutano wa mwisho wa nyumba mbili, mwaka 1935, ulichukua siku 110, ukatoa sheria 192, na gharama yake ilikuwa dola 202,593. Mkutano wa kwanza wa nyumba moja, ulioanza Januari 1937 kwa wajumbe 43, ulichukua siku 98, ukatoa sheria 214, na gharama yake ilikuwa dola 103,445. Kwa hivyo gharama ilipungua karibu nusu, na kazi haikupungua.

WAJUMBE NA VYEO VYAO

Leo Baraza hilo lina wajumbe 49, nao huitwa maseneta. Kila mmoja huchaguliwa na wilaya yake, ambayo kwa wastani ina watu 40,000. Muda wake ni miaka 4, na kila miaka 2 nusu yao hurudi kwa wapiga kura, ili Baraza lisiwe geni lote kwa siku moja. Kwa badiliko la katiba lililopigiwa kura mwaka 2000, seneta akimaliza vipindi viwili mfululizo hana budi kukaa nje miaka 4 kabla ya kugombea tena.

Jambo moja litawashangaza wengi. Katika karatasi ya kura jina la mgombea haliandikwi pamoja na chama chake cha siasa. Hili nalo lilitokana na Norris, aliyetaka mjumbe atazamwe kwa kazi yake na kwa shida za wilaya yake. Hatusemi kwamba maseneta hawana vyama. Wanavyo, na watu wanavijua. Walakini ndani ya Baraza hakuna upande wa chama tawala na upande wa upinzani wenye viongozi wao rasmi, na mara nyingi mjumbe wa mahindi wa chama hiki hukaa pamoja na mjumbe wa mahindi wa chama kile dhidi ya wajumbe wa mjini wa vyama vyote viwili.

Kiti cha mwenyekiti hukaliwa na Naibu Gavana. Spika huchaguliwa na wajumbe wenyewe miongoni mwao, naye ndiye mpangaji wa shughuli, yaani huamua mswada gani ujadiliwe siku gani. Ziko kamati za kudumu 14, mathalan ya kilimo, ya fedha, ya elimu, ya mahakama na ya mali za asili. Wenyeviti wa kamati huchaguliwa na Baraza lote, na kwa muda mrefu mtindo wao umekuwa kura ya siri.

Baraza hukutana kila mwaka kuanzia mwezi wa Januari. Mwaka usiogawika kwa mbili hukaa siku za kazi 90, na mwaka unaogawika hukaa siku 60. Mwezi wa Juni huwa wamekwisha kurudi makwao.

NJIA YA MSWADA

Sasa tufuate mswada mmoja tangu kuzaliwa kwake. Mwananchi yeyote, au chama chochote cha wakulima, aweza kumwendea seneta na kumwambia haja yake. Seneta akikubali, mswada huandikwa kwa lugha ya sheria na kuletwa Barazani. Miswada huingizwa katika siku 10 za mwanzo za mkutano, illa michache makhsusi. Karani wa Baraza huusoma kwa anwani yake, huupa nambari, na mswada hupelekwa katika kamati inayohusika.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika mabaraza mengi ya dunia, mwenyekiti wa kamati aweza kuufungia mswada mezani ukafa bila ya mtu kuusikia. Nebraska haifanyi hivyo. Kila mswada, uwe wa mkubwa au wa mdogo, uwe unapendwa au unachukiwa, sharti upewe siku yake ya kusikilizwa hadharani, na tangazo la siku hiyo sharti litoke siku 7 kabla.

Siku hiyo ikifika mlango wa chumba cha kamati huwa wazi. Seneta mwenye mswada huanza kueleza. Kisha huitwa wanaouunga mkono, mmoja mmoja, kisha wanaoupinga, kisha wasiokuwa upande wowote lakini wana jambo la kueleza. Haulizwi mtu cheo chake. Mkulima huja na nguo zake za kazi, akakaa katika kiti kile kile alichokalia wakili wa kampuni kubwa dakika tano zilizopita. Hutaja jina lake na kulitamka herufi kwa herufi ili mwandishi asilikosee, husema maneno yake katika dakika alizopewa, na wajumbe humuuliza maswali. Kila neno huandikwa na kuhifadhiwa, na mtu wa miaka 20 ijayo aweza kuja kusoma nani alisema nini.

Baada ya hapo kamati hukata shauri. Yaweza kuupeleka mswada mbele, pengine pamoja na marekebisho, yaweza kuuzuia, au yaweza kuua kabisa. Miswada mingi hufia hapa. Lakini hufa baada ya kusikilizwa, na kusikilizwa kisha ukakataliwa si sawa na kutosikilizwa.

Mfano ulio karibu na sisi ni sheria ya mwaka 1978 juu ya zao la mahindi. Kwa sheria hiyo hukatwa fedha kidogo katika kila busheli ya mahindi inayouzwa. Busheli ya mahindi ni kiasi cha kilo 25 na nusu, na mwaka 2012 makato hayo yalipandishwa yakawa nusu senti. Fedha hizo huingia katika mfuko unaosimamiwa na Bodi ya Mahindi yenye wajumbe 9, nao ni wakulima wenyewe wa mahindi. Na sheria ilitaja mapema kazi za fedha hizo: utafiti, kutafuta masoko, na kuwaelimisha watu. Mkulima aliyekatwa anajua amekatwa kwa sheria gani, kiasi gani, na kwa kazi gani. Mwanachama atakayesimama Mkutano Mkuu kuuliza juu ya makato yoyote ya Chama chetu na ayaulize mambo hayo hayo matatu.

KUPITA MARA TATU

Mswada ukitoka katika kamati huingia Barazani, nao hupita vituo vitatu. Katika kituo cha kwanza wajumbe wote huujadili na kuurekebisha, na ili uvuke wahitaji kura 25, yaani zaidi ya nusu ya wajumbe wote 49, si nusu ya waliohudhuria. Mjumbe asiyekuja, kutokuja kwake kwahesabika kama kutokubali. Kisha hupelekwa kusahihishwa lugha, na kuingizwa marekebisho yote mahala pake.

Katika kituo cha pili hujadiliwa tena, na aliyelala akawaza, au aliyepigiwa simu na watu wa wilaya yake, hupata nafasi ya kuleta marekebisho mengine. Kituo cha tatu ni usomaji wa mwisho. Hapo karani husoma mswada wote kwa sauti, tangu neno la kwanza hata la mwisho, wajumbe wakiwa vitini mwao. Wajumbe 30 wakikubaliana, mswada mrefu waweza kusamehewa usomaji huo. Hakuna marekebisho tena. Anayetaka kurekebisha sharti aombe mswada urudishwe nyuma kituo kimoja. Kisha hupigwa kura, na kura ya kila mtu hujulikana kwa jina lake.

Mwenye kuanika karafuu anaijua hekima hii. Karafuu haikauki kwa jua la siku moja. Huanikwa, ikageuzwa, ikaanuliwa jioni, ikatolewa tena asubuhi, na anayeirundika mbichi kwa pupa ya kuwahi kituo huikuta imevunda. Mswada nao wahitaji jua la siku ya pili na ya tatu.

Lakini wenzetu hawakusahau kwamba liko jambo lisilongoja. Kwa desturi sheria mpya huanza kufanya kazi miezi mitatu baada ya mkutano kufungwa, ili watu wapate muda wa kuijua. Ikiwa kuna dharura, sheria yaweza kuanza mara tu itakapokamilika, ila hapo kura 25 hazitoshi. Hutakiwa kura 33, ambazo ni thuluthi mbili. Kwa maneno mengine, anayetaka haraka sharti apate watu wengi zaidi wa kukubaliana naye. Kanuni hii twawaomba wanachama waiweke akilini, tutaitumia chini.

GAVANA, NA NYUMBA YA PILI

Mswada uliopita hupelekwa kwa Gavana, naye ana siku 5, bila ya kuhesabu Jumapili. Aweza kutia saini, aweza kuuacha ukawa sheria bila ya saini yake, au aweza kuukataa na kuurudisha pamoja na sababu zake. Ukirudishwa, Baraza laweza kuupitisha juu ya kukataa kwake kwa kura 30.

Gavana aweza pia kuliita Baraza nje ya wakati wake. Mwaka 2024 Gavana Jim Pillen, ambaye yeye mwenyewe ni mfugaji wa nguruwe, aliliita kutoka tarehe 25 Julai hata tarehe 20 Agosti kwa ajili ya kodi ya ardhi na majumba, ambayo ni kilio cha siku nyingi cha wakulima wa huko, maana skuli nyingi huendeshwa kwa kodi hiyo. Alitaka kodi hiyo ipunguzwe sana, na pengo lijazwe kwa kutoza kodi vitu vingi vilivyokuwa havitozwi. Watu walikuja kwa wingi kutoa maoni, wa mjini na wa shamba. Mpango ulipotoka Barazani ulikuwa mdogo sana kuliko ulivyoingia.

Wakosoaji wa nyumba moja waliuliza tangu mwanzo: nani ataizuia nyumba hiyo ikikosea? Jawabu la watu wa Nebraska ni kwamba nyumba ya pili ipo, nayo ni wananchi wenyewe. Mfano wake mkubwa ni wa miaka 2015 na 2016.

Alikuwapo seneta mmoja wa Omaha, Ernie Chambers, aliyechaguliwa kwanza mwaka 1970. Tangu miaka hiyo ya 1970 alikuwa akileta mswada wa kufuta adhabu ya kifo, ukakataliwa, akauleta tena, ukakataliwa tena. Mwaka 2015 mswada wake ulipita kwa kura 32 dhidi ya 15. Gavana Pete Ricketts akaukataa. Tarehe 27 Mei 2015 Baraza likaupitisha juu ya kukataa kwake kwa kura 30 dhidi ya 19, kura zile zile zilizotakiwa, haikuzidi hata moja. Mtu angelidhani yamekwisha. Lakini katiba yao yawaruhusu wananchi kukusanya saini na kuitaka sheria iletwe kwao. Waliopinga wakakusanya saini, sheria ikasimamishwa kungoja kura, na mwezi wa Novemba 2016 kiasi cha watu 61 katika kila 100 waliopiga kura waliirudisha adhabu hiyo.

Hatuwaleti khabari hizi ili kuhukumu nani alikuwa na haki juu ya adhabu yenyewe. Tunataka muone njia ilivyokuwa. Seneta alisikilizwa, Gavana alisikilizwa, Baraza lilisikilizwa, na mwisho wenye nchi walisikilizwa, na kila mmoja alijua mwenzake amepiga kura gani.

KASORO ZAKE

Haingekuwa uaminifu kusifu tu. Kasoro zipo, nasi tutazitaja tatu.

Ya kwanza ni mshahara. Seneta hulipwa dola 12,000 kwa mwaka, kiasi kilichowekwa kwa kura ya mwaka 1988. Kwa maisha ya Marekani hizo hazimtoshi mtu, kwa hivyo mwalimu au mfanyakazi wa kiwanda huona taabu kuacha kazi yake miezi mitano. Mlango wa kugombea uko wazi kwa wote, lakini kizingiti chake ni kirefu.

Ya pili ni majadiliano marefu. Ili kuwanyamazisha wanaoongea kwa nia ya kuzuia mswada huhitajika kura 33. Basi watu 17 wakishikana waweza kulifunga Baraza zima. Mwaka 2023 maseneta wachache waliokuwa wakipinga mswada mmoja walirefusha majadiliano ya karibu kila mswada mwengine kwa wiki nyingi, na matokeo yake miswada mingi ikafungwa pamoja katika mizigo mikubwa ili ipite kabla ya siku kwisha. Kinga ya wachache ni jambo jema, lakini kila dawa ina kipimo chake.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Siku za kusikilizwa hufanyika Lincoln, siku za kazi, mchana. Lincoln iko upande wa mashariki wa jimbo. Mfugaji wa Scottsbluff, upande wa magharibi, ana safari ya zaidi ya kilomita 600 kwenda tu, kwa ajili ya kusema dakika tatu au tano. Siku hizi aweza kupeleka maoni yake kwa maandishi, lakini wote tunajua karatasi haina macho ya mtu. Mlango haukufungwa, walakini uko mbali. Wahenga wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

TUNAJIFUNZA NINI

Chama chetu si serikali, na kanuni zetu si sheria za nchi. Hata hivyo kanuni zetu ndizo zinazoamua ada ya mwanachama, makato ya mfuko wa dharura, zamu ya kutumia majamvi na maghala ya Chama, na nani apigiwe kura kuingia katika Kamati. Mwanachama wa tawi la mbali akikosa khabari ya mkutano, hukuta yamekwisha kukatwa. Kwake yeye Kamati Kuu imekuwa kama wale watu 6 wa Nebraska ya zamani, hata kama ndani ya Kamati hiyo hakuna mtu mwenye nia mbaya. Twaijua Kamati yetu na twajua hakuna. Lakini kanuni njema ni ile iwezayo kuwalinda wanachama hata siku itakapopatikana Kamati isiyokuwa njema.

Kwa hivyo, baada ya kushauriana, sisi wa ofisi ya Katibu tutaweka mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo lenye sehemu nne, nanyi mtalikubali, mtalirekebisha au mtalikataa.

Kwanza, kila badiliko la kanuni liandikwe na kupelekwa katika kila tawi, na tangazo la siku ya kulisoma litolewe siku 7 kabla. Katika hili tutakuwa tumewapita wenzetu wa Nebraska, maana wao humwita mkulima aende Lincoln, na sisi tutaipeleka karatasi mpaka kwenye baraza la tawi lake.

Pili, maoni ya wanachama, ya kukubali na ya kupinga, yaandikwe na katibu wa tawi pamoja na jina la msemaji, na yasomwe mbele ya Kamati Kuu kabla ya kura.

Tatu, kura za wajumbe wa Kamati juu ya kanuni ziandikwe kwa majina, na zitiwe katika gazeti hili.

Nne, ili kuwajibu wanaoogopa kuchelewa, likitokea jambo lisilongoja, khasa wakati wa mavuno ambapo siku mbili za mvua zaweza kuleta hasara kubwa, Kamati iruhusiwe kupitisha kanuni ya dharura bila ya kungoja matawi, mradi thuluthi mbili ya wajumbe wote wakubali, na kanuni hiyo isomwe katika matawi mara baada ya msimu.

Makatibu wa matawi wanaombwa kulisoma pendekezo hili mbele ya wanachama wao, na kwa wale wasiojua kusoma lisomwe kwa sauti, pole pole, na lielezwe. Maoni yaletwe ofisini kwa maandishi, na tawi lichague mtu wake wa kulisemea Mkutanoni. Anayelipinga asione haya kusema analipinga. Tunamhitaji kama tunavyomhitaji anayeliunga mkono, maana kura ya kimya haitufunzi kitu.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama